RELI YA UHURU SI DIRISHA LA WAGENI PEKE YAO

Tangu mwaka 1993 kampuni ya Rovos Rail ya mjini Pretoria imekuwa ikiendesha treni ya kitalii kutoka Cape Town hadi Dar es Salaam. Safari huchukua takriban wiki mbili, na abiria wake hawazidi 72. Wageni hulala katika mabehewa ya zamani yaliyotengenezwa upya kwa ustadi, hula chakula juu ya vitambaa vyeupe, huteremka kutazama maporomoko na wanyama, huelezwa na waongozaji habari za nchi wanazozipita, na jioni hukaa katika behewa la nyuma lenye kibaraza wazi wakiitazama Afrika ikibaki nyuma yao. Nauli ya mtu mmoja inazidi dola za Kimarekani elfu kumi. Mwalimu wetu wa shule ya msingi angelazimika kufanya kazi kwa miaka kadhaa bila kula wala kuvaa ndipo apate tiketi hiyo.

Sina ugomvi na kampuni hiyo. Mfanyabiashara kazi yake ni kuuza, naye ameiona bidhaa na kuipatia mnunuzi. Ugomvi wangu ni na sisi wenyewe, wenye reli. Sehemu ndefu ya mwisho ya safari hiyo, kutoka Kapiri Mposhi nchini Zambia hadi Dar es Salaam, hupita juu ya TAZARA: kilomita 1,860 za chuma zilizolazwa kwa jasho letu na la ndugu zetu. Na katika reli hiyo safari iliyopangwa vizuri kuliko zote, yenye maelezo ya mila, historia na maumbile ya nchi zetu mbili, imepangwa na watu wengine kwa ajili ya watu wengine. Ya mwananchi iko wapi?

Yafaa tukumbushane reli hii ilitoka wapi, maana wapo vijana maofisini ambao kwao TAZARA ni jina la kituo cha daladala na makutano ya barabara tu. Mwezi Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao wa kibaguzi. Zambia, nchi isiyo na bahari, ilijikuta shaba yake na mafuta yake vimo mikononi mwa maadui zake. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walibisha hodi katika milango ya Magharibi wakiomba msaada wa kujenga reli ya kwenda Dar es Salaam. Wataalamu wa huko walipiga hesabu zao na kujibu kwamba reli hiyo haina faida. Hesabu za wenye fedha hazikuwa na safu ya kuandikia uhuru.

China, ambayo wakati huo ilikuwa nchi maskini, ilikubali. Mapatano yalitiwa saini mjini Beijing mwezi Septemba 1967, ujenzi ukafunguliwa rasmi mwezi Oktoba 1970, na reli ikakabidhiwa mwaka 1976. Mkopo ulikuwa wa yuan milioni 988, nao haukuwa na riba. Makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa Kitanzania, wa Kizambia na wa Kichina walikata milima, wakatoboa mahandaki zaidi ya ishirini na kusimamisha madaraja zaidi ya mia tatu. Wachina zaidi ya sitini walipoteza maisha yao katika kazi hiyo, na wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto. Wenzetu wa Kitanzania na Kizambia waliofia humo hatujawajengea makaburi ya pamoja ya kuyatembelea. Hilo nalo ni jambo la kujiuliza.

Katika habari hii limo jambo la kinaya ambalo mwalimu wa historia angelipenda. TAZARA ilijengwa kwa upana wa milimita 1,067 ili iungane na reli za Zambia, nazo reli za Zambia zilikuwa na upana ule ule wa reli za Rhodesia na Afrika ya Kusini. Kwa sababu hiyo, njia iliyojengwa ili tuikwepe Pretoria ndiyo hiyo hiyo iliyoiwezesha treni ya Pretoria kufika mpaka kwetu bila kubadili magurudumu. Na ilifika mwaka 1993, kabla Waafrika wa huko hawajapiga kura yao ya kwanza mwezi Aprili 1994. Wapigania uhuru tuliowapokea kwa miaka thelathini wengi walikuja kwa miguu, kwa malori na kwa majina ya bandia. Watalii wao walikuja kwa behewa la mvinyo. Sisemi wazuiwe. Nasema tu kwamba njia ilipofunguka, wa kwanza kufaidi starehe yake hawakuwa wale walioifungua.

Chanzo cha haya yote ni kasumba moja iliyoota mizizi. Muulize mtoto yeyote mjini mtalii ni nani: atakwambia ni Mzungu. Muulize ofisa wa idara inayohusika: atakujibu kwa maneno marefu zaidi, lakini maana yake itakuwa hiyo hiyo. Tumelifanya neno utalii kuwa jina la kuuza, si jina la kujifunza. Jambo hili si geni kuulizwa. Mwaka 1970 Umoja wa Vijana wa TANU, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulianzisha mjadala mkali magazetini kuhusu nafasi ya utalii katika nchi inayojenga ujamaa, na mjadala huo ukahaririwa na Issa Shivji na kuchapishwa kuwa kitabu na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Vijana wale waliambiwa kuwa ni wakorofi wa nadharia. Pengine katika baadhi ya mambo walizidisha ukali. Lakini swali lao, yaani utalii ni wa nani na unatufanya sisi kuwa nani, halikupata jibu hadi leo. Tulilifunika kwa takwimu za fedha za kigeni.

Sasa tuitazame njia yenyewe, ili asitokee mtu wa kusema kwamba hakuna cha kumwonyesha mwananchi.

Treni ikitoka Dar es Salaam huingia katika pori lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Katika dunia hii ni wapi abiria wa kawaida, mwenye kikapu chake cha embe, anapitishwa na treni katikati ya tembo na twiga? Baada ya hapo reli huambaa chini ya milima ya Udzungwa. Katika misitu hiyo anaishi kima wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu. Na walimtambuaje? Walisikia mlio wasioujua, wakamwuliza mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza, naye akawaambia bila kusita jina la mnyama huyo. Elimu ilikuwepo kijijini. Iliyokosekana ni ya kutoka nje. Na leo tunawaambia wenyeji wa bonde la Kilombero kwamba kazi yao katika utalii ni kubeba mizigo!

Katika bonde hilo hilo la Kilombero yuko sheshe, swala wa nyanda za majimaji. Mwanafunzi wa Ifakara akimwona sheshe anadhani ni mnyama wa kwao. Akipanda treni na kuvuka mpaka hadi wilaya ya Serenje, atamkuta tena sheshe yule yule katika hifadhi ya Kasanka, na kama safari imeangukia kati ya Oktoba na Desemba atawaona pia popo wa matunda kwa mamilioni wakitoka msituni wakati wa magharibi. Somo la jiografia la mwaka mzima haliwezi kumfundisha kijana kwamba maumbile hayajui bendera kama safari hiyo moja itakavyomfundisha.

Kutoka Mlimba hadi Makambako ndipo penye kazi kubwa ya ujenzi. Treni hupanda ukingo wa nyanda za juu kwa kujipinda kama nyoka aliyeguswa, handaki baada ya handaki, daraja baada ya daraja, na juu ya bonde la mto Mpanga abiria akichungulia chini hukata maneno. Ningependa wanafunzi wetu wa ufundi na uhandisi wapite hapo mchana, wakiwa na mtu wa kuwaeleza kwa nini nguzo hii imewekwa hapa na handaki lile likapindishwa kule. Mwendelezo wa safari una mengine: kituo cha juu kabisa cha reli kiko Uyole, karibu na Mbeya, takriban mita 1,790 juu ya usawa wa bahari, Vwawa ni kituo cha karibu cha kwenda kukiona kimondo cha Mbozi, mojawapo ya vimondo vikubwa kabisa duniani.

Kisha Tunduma. Hapa mwongozaji mwema angesimamisha mazungumzo ya wanyama. Mpaka kati ya Tunduma na Nakonde ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, yaliyoigawa nchi baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika bila kumwuliza mwenyeji hata mmoja. Wanyamwanga wako pande zote mbili, wanaoana, wanazikana na kulaumiana kwa lugha moja. Mtumishi wa Serikali anayekaa Dodoma akiandika waraka wa ujirani mwema angepata faida kubwa akikaa Tunduma siku mbili tu.

Ng'ambo ya mpaka reli hushika njia ya Kasama, nchi ya Wabemba na ya mfalme wao Chitimukulu, yenye michoro ya kale ya miambani na maporomoko ya Chisimba. Kusini ya Kasama huvuka mto Chambeshi. Kwa mgeni huo ni mto tu. Kwa mtu aliyesoma, hapo ndipo chimbuko la mbali kabisa la mto Kongo, na tena hapo Chambeshi ndipo Jenerali von Lettow-Vorbeck alipopata habari katikati ya Novemba 1918 kwamba vita kuu vimekwisha Ulaya; tarehe 25 ya mwezi huo alijisalimisha Abercorn, mji ambao leo ni Mbala. Vitabu vingi vya wageni huishia kwa jenerali huyo na werevu wake wa kivita. Nani anawataja wapagazi? Makumi ya maelfu ya Waafrika walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu wakiwabebea mizigo Wazungu waliokuwa wakigombania nchi isiyo yao. Mwalimu aliyepanda treni Dar es Salaam ametoka katika mji wenye Kariakoo, jina lililobaki kutokana na kambi ya kikosi hicho cha wapagazi. Kutoka Kariakoo hadi Chambeshi ni hadithi moja, na reli inaipita yote, lakini hakuna aliyeajiriwa kuisimulia.

Hali kadhalika kwa Livingstone. Alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, si mbali sana na njia ya reli huko Serenje, na hadithi husimuliwa kana kwamba mwili wake ulijisafirisha wenyewe hadi Uingereza. Waliomkausha, wakamfunga na kumbeba hadi Bagamoyo mwezi Februari 1874, safari ya miezi mingi iliyopita katika vita, njaa na mito iliyofurika, ni Chuma, Susi na wenzao. Lipo somo gani la uaminifu, la uongozi na la maarifa ya njia linalozidi hilo? Waandishi wa mitaala wanatafuta mifano ya maadili, na tangu mtaala wa mwaka 2023 tunalo somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Basi mifano imelala kando ya reli.

Wapo watakaosema kwamba mwananchi hana fedha za kutalii. Hoja hii husemwa kwa sauti ya huruma, lakini ni dharau. Mwananchi husafiri kila siku. Husafiri kwenda kuzika, kuoza, kutahiri, kuuguza. Hujaza mabasi mwezi Desemba mpaka nauli zinapandishwa kwa hila. Mtumishi wa umma ana likizo yake na stahili yake ya nauli. Treni ya umeme ilipoanza kwenda Morogoro mwezi Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata, tuliona wazazi wakiwapandisha watoto wao kwa nia tu ya kuiona treni na kurudi. Hamu ipo. Kisichokuwepo ni chombo cha kuipokea: hakuna tiketi moja inayounganisha treni, kiingilio cha hifadhi, malazi ya heshima na mwongozaji, kwa bei ya mtu anayelipwa mshahara wa shilingi.

Wengine watasema kwamba nchi inahitaji fedha za kigeni. Ni kweli, nami sitaki mgeni afukuzwe. Lakini mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, idadi ya watalii kutoka nje ilianguka toka zaidi ya milioni moja na nusu mwaka uliotangulia hadi chini ya laki saba. Hoteli zikawa kimya, madereva wakauza magari. Nyumba inayomtegemea mgeni kwa chakula cha kila siku hulala njaa siku mgeni asipokuja. Kujitegemea katika utalii kuna maana hiyo hasa, si kauli ya kupamba mkutano.

Hoja ya tatu ina uzito zaidi, nayo ni kwamba treni zetu za abiria, zile zilizoitwa Mukuba na Kilimanjaro, zimejulikana zaidi kwa kuchelewa kuliko kwa kufika. Kwamba taa huzimika, maji hukatika, na ratiba husomwa kama ubashiri. Hili halina haja ya kubishiwa. Reli iliyobeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka katika miaka yake ya mwanzo ilishuka hadi chini ya tani laki moja mwaka 2014/15. Vipuri havikununuliwa kwa wakati, mishahara ilicheleweshwa, maamuzi yalizunguka baina ya miji mikuu miwili kama barua isiyo na anwani, na wapo walioona ni heri malori yao yapate mizigo. Lakini ajabu ni hii: juu ya reli hiyo hiyo iliyochoka, treni ya wageni ilikuwa ikipita na kioo kisicho na vumbi. Basi ubovu wa reli haukuwa kizuizi cha safari yenye heshima. Kilichotofautiana ni nani anayehudumiwa na nani anayewajibishwa.

Ndiyo maana suala hili haliwezi kungoja. Mwaka 2025 serikali za Tanzania na Zambia zilitiliana saini na kampuni ya Kichina ya CCECC mkataba wa miaka 30 wa kuifufua na kuiendesha TAZARA, kwa uwekezaji wa dola za Kimarekani bilioni 1.4. Ni habari njema. Hata hivyo, yeyote aliyefuatilia mazungumzo yake amesikia zaidi juu ya shaba, vichwa vya treni na mabehewa ya mizigo kuliko juu ya mwanadamu. Mwekezaji atatafuta kurudisha fedha zake, na madini hulipa upesi kuliko abiria. Tusipoweka sauti sasa, miaka 30 ijayo tutakuwa na reli yenye afya njema ambayo wenyewe tutaiona pande mbili tu: shaba ikishuka bandarini, na wageni wachache wakitupungia mkono kutoka kibarazani.

Ninachodai hakihitaji mabilioni. Katika kila treni ya abiria inayovuka mpaka, liwepo angalau behewa moja la masomo kwa ajili ya wanafunzi, walimu na watumishi walio likizoni, lenye madirisha yanayofunguka, vitanda visafi na mwongozaji aliyefundishwa. Waongozaji hao wasitafutwe mbali. Vyuo tunavyo, Mweka imefundisha wahifadhi wa Afrika tangu mwaka 1963, na shuleni wamejaa walimu wa historia na jiografia ambao wakati wa likizo wangeifanya kazi hii kwa moyo. Vijiji vya Mang'ula, Mlimba, Makambako na vya upande wa Kasama vipewe haki ya kwanza ya kulisha na kulaza wasafiri, si kukimbilia madirishani na sinia za ndizi kwa dakika tano. Treni ya fahari ina jiko lake ndani. Mama wa Mlimba haiuzii hata sahani moja ya wali wa Kilombero. Behewa la walimu 40 lingemnunulia sufuria nzima.

Ratiba nayo ipangwe kwa akili. Haina maana kupitisha abiria katika Hifadhi ya Nyerere usiku wa manane na kuwaamsha kwenye yadi ya mabehewa. Pale Tunduma, makundi ya wanafunzi yenye walimu yavuke kwa orodha moja iliyogongwa mhuri, bila kila mtoto kusimamishwa dirishani kwa saa tatu. Lugha si tatizo: Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC tangu mwaka 2019, na safari ya Kasama ndiyo mahali pa kukitumia, pamoja na kujifunza maneno mawili matatu ya Kibemba. Mukuba, kwa wasiojua, maana yake ni shaba.

Wizara za uchukuzi, elimu na utalii za nchi zote mbili zinao wawakilishi wanaokutana juu ya reli hii. Katika mkutano wao ujao waulizwe swali moja na walijibu kwa maandishi: behewa hilo litaanza kutembea mwezi gani? Na nauli yake iandikwe ukutani, kwa shilingi na kwa kwacha.